Silinda ya Nne

Injini kubwa haikufunguliwa na fundi peke yake. Hiyo ilikuwa desturi ya gereji za Makambako katika miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa na kila mwenye akiba akataka kuwa na lori. Mwenye gari alikuja akaketi kwenye kigoda, dereva akasimama upande wa pili, na fundi akafungua mbele ya wote wawili, akivipanga vyuma juu ya turubai kwa mpangilio uleule vilivyokaa ndani. Wapita njia walidhani tajiri amekuja kulinda pistoni zake zisibadilishwe. Ni kweli kwa sehemu. Lakini hasa alikuja kusikiliza kesi, kwa sababu injini ikifa lazima kuna aliyeiua, na wa kwanza kushukiwa ni dereva.

Nimefungua injini nyingi kwa namna hiyo na karibu zote nimezisahau. Moja haijanitoka. Ilikuwa ya lori lililombeba mke wangu akiwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza, kutoka Lupembe kwenda hospitali ya Njombe, na dereva wake alikuwa baba mkwe wangu.

Kwanza niseme mimi ni mtu wa namna gani. Kazi niliisomea katika kampuni ya usafirishaji ya umma, na ilipoanza kufa tukapunguzwa, kila mtu akashika njia yake. Mimi nilitoka na zana, nikasimamisha kibanda cha mabati kando ya barabara ya Songea, mahali ambapo upepo hauna adabu hata kidogo. Mimi si mpole. Watu wa Makambako walikuwa wakisema ukimpelekea yule fundi gari pamoja na maneno, atakurudishia vyote viwili. Hilo sikulikana wakati ule na silikani leo.

Mke wangu alikwenda Lupembe kujifungua kwa shangazi yake, kwa kuwa kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa watu wa mke, na mama yake mzazi alikuwa ametangulia mbele ya haki. Baba yake alikuwa huko huko. Alikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Makambako, Mwislamu aliyehamia kutoka mkoa mwingine, ambaye lori lake lilikuwa limekodiwa kukusanya majani ya chai ya wakulima wadogo na kuyapeleka kiwandani. Baba mkwe alisifika kwa jambo moja: alibembeleza gari. Kabla ya kupanda mlima alikuwa akisikiliza kwanza, kama mtu anayebisha hodi. Malori yaliyopita mikononi mwake yalizeeka yakiwa na afya, na matajiri walimgombania kwa ajili hiyo.

Uchungu ulimshika mke wangu asubuhi, masika yakiwa yamekolea. Kufikia mchana mkunga wa kijijini akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe Njombe. Gari lililokuwa karibu ni lile la chai, na mzigo ulikuwa tayari mgongoni. Wakampandisha mbele pamoja na shangazi yake. Lakini baba kumwona bintiye katika hali ile ni jambo zito kwetu, hata kulitamka. Kwa hiyo shangazi akatundika kanga, moja kati ya dereva na wanawake, nyingine dirishani, na safari ikaanza hivyo. Baba mkwe aliendesha akiwa na pazia begani, akisikia kila kitu na asiseme neno.

Kabla hawajafika mbali, injini ikaanza kugonga. Yaliyofuata mke wangu alinisimulia baadaye kwa sauti iliyokauka, na shangazi akayathibitisha. Gari likasimama mvuani. Baba yake akashuka. Utingo akatumwa mbele kwa miguu akatafute gari jingine. Kisha wao, nyuma ya kanga zao, wakasikia viroba vya majani vikiburutwa na kuanguka, na baada ya hapo wakasikia chuma kikigongwa chini yao, spana ikiteleza, nyundo, kimya, spana tena. Muda mrefu sana. Shangazi alimwita kaka yake kwa jina, naye akajibu kutoka chini ya gari, "Bado."

"Nilikuwa nakufa," mke wangu aliniambia, "na yeye alikuwa akipanga mzigo wa watu na kutengeneza gari la watu."

Gari liliwaka tena, likaenda, likafa moja kwa moja lilipoingia Njombe. Watu wakambeba kwa godoro mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa akiwa amekwisha kufa. Muuguzi alisema alikuwa amechoka, na neno hilo nililichukia kwa miaka mingi, kana kwamba mwanangu alikuwa amefanya kazi gani hata achoke.

Sikumwona. Mtoto wa namna hiyo kwetu huzikwa na akina mama wazee, haraka, bila matanga, na mwanamume haulizi alizikwa upande gani. Nilifika Njombe nikakuta yote yamekwisha. Nilipewa mke wangu akiwa mweupe kama unga, na hakuna kingine nilichopewa.

Baba mkwe alikuja kutupa pole nyumbani kwetu Makambako. Alisimama mlangoni na koti lake jeusi, kofia mkononi. Naikumbuka siku ile kwa kitu kidogo ambacho kilinikera: suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimepigwa fundo kiunoni. Nikasema moyoni, mzee huyu hata heshima ya msiba hana. Mke wangu alimtazama, akageuza uso ukutani. Hakusema kamwene.

Asiyekuwa wa Njombe anaweza asielewe uzito wake. Kamwene ni salamu yetu Wabena, ya asubuhi, ya njiani, ya kisimani, hata ya adui. Unaweza kumnyima mtu chakula ukasamehewa. Ukimnyima baba yako kamwene, umemwambia hakuna tena kitu kati yenu. Yule mzee alisimama pale kidogo, akavaa kofia, akaondoka. Mimi sikumfuata.

Basi lori likavutwa mpaka Makambako, likakaa uani kwa tajiri mpaka mvua zikaisha na baridi ya kipupwe ikaanza kukata midomo. Siku moja tajiri akaja gerejini kwangu. Alisema anataka injini ifunguliwe, na anataka niifungue mimi.

Nikamwambia, "Tajiri, dereva wako ni mkwe wangu. Tafuta mtu mwingine."

"Nakutaka wewe kwa sababu hiyo," akasema. "Mji mzima unajua mlivyo. Fundi mwingine atamwonea haya yule mzee. Wewe hutamwonea."

Alikuwa na shitaka lake. Dereva hakumweleza kitu, zaidi ya kusema injini imekufa, ifunguliwe. Majani yalikutwa yamemwagwa kando ya barabara yakinyauka. Utingo naye alikwisha acha kazi akarudi kwao Lupingu, ziwani, hakuna wa kumuuliza. Tajiri aliamini mzee ameiendesha injini ikiwa inaumwa mpaka akaiua. Kama ni hivyo, kazi hana, na hakuna tajiri mwingine kati ya Makambako na Songea ambaye angempa funguo tena.

Mimi pia nilikuwa na shitaka langu, na lilikuwa kinyume kabisa cha lile. Niliamini mzee alikuwa ameihurumia injini. Niliamini kwamba, kwa mazoea ya miaka yote, aliposikia chuma kinalia alisimama kukibembeleza, na huku nyuma ya pazia mwanangu akiishiwa nguvu. Sisi wawili hatungeweza kuwa sahihi kwa pamoja. Nilikubali kazi ile ili nipate kuona kwa macho yangu, kwa kuwa kila kitu kingine cha siku ile nilikuwa nimenyimwa kukiona.

Siku ya kufungua, upepo ulikuwa mkali, turubai nililitia mawe kwenye pembe. Tajiri aliketi na koti zito juu ya kanzu. Baba mkwe alikuja kwa miguu kutoka stendi, akanisalimu, nikaitikia kwa sababu ni kazi. Alisimama ng'ambo ya turubai, mikono nyuma. Kiunoni bado ule mpira wa tyubu.

Nilianza juu. Hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, niliisafisha kwa mafuta ya taa nikaiwekea rula ya chuma ubavuni, nikainama kuangalia kama mwanga unapita chini yake. Injini iliyokaukiwa maji hupinda hedi, na ukiweka rula utaona mstari wa nuru. Sikuona nuru. Gasketi ilikuwa nzima. Laina za silinda nilizipitishia kidole, kisha kipimo: zimelika kidogo, ulaji wa kawaida wa gari linalofanya kazi. Nikamwambia tajiri injini haikukosa maji hata siku moja. Akaitikia kwa kichwa. Baba mkwe hakusogea.

Tukailaza injini ubavu, nikaanza kufungua sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili. Bolti ya kwanza ikatoka kirahisi mno. Ya pili vilevile. Kwenye ukingo, mahali pa kukaa gasketi, kulikuwa na utando wa kijivu uliokauka. Niliukwangua kwa kucha nikanusa. Ilikuwa sabuni ya mche, ya kufulia. Fundi aliyekwama porini bila gasketi husugua sabuni ili oili isivuje. Wote tuliofanya kazi katika miaka ya uhaba tunaijua. Lakini tajiri hakuwa na habari ya gereji yoyote iliyofungua sampu ile.

"Nani amefungua hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema baba mkwe. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu nianze kufungua.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Hakujibu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nikiungoja huo mshindo kwa hasira. Kwa hiyo ndivyo, nikajisemea. Alifungua mpaka sampu. Alilala chini pale akafungua bolti zote za sampu, moja moja, mke wangu akiwa juu yake.

Ndani ya sampu oili ilikuwa imechanganyika na chenga za shaba zinazong'aa, na vipande vyeusi vilivyoungua ambavyo sikuvitambua. Niliviweka pembeni. Nikafungua beringi za konrodi, yale maganda membamba ya chuma yanayoikumbatia krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, mawili mawili kwa kila silinda. Ya kwanza: uso wake ulikuwa ukibanduka kama rangi mbaya ya ukuta. Niliupitishia ukucha, ukatoka. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Nikageuza mgongo wa ganda kutafuta chapa ya kiwanda. Herufi zilikuwa zimepigwa upande.

"Hizi ni feki," nikasema. "Zingekufa tu, hata angeendesha malaika."

Miaka ile soko lilikuwa limejaa vitu hivyo. Baada ya kukosa kila kitu, ghafla tulikuwa na kila kitu, kimefungwa vizuri kwenye maboksi ya rangi, na nusu yake ni uongo. Rahisi, ghali. Tajiri alitazama barabarani. Alikuwa amezinunua mwenyewe, najua, maana alijisifu kwangu alipozipata.

Ikafika silinda ya nne. Kofia ya konrodi ilikuwa imegandamana, nikaigonga kwa nyundo ya mbao mpaka ikaachia. Nilitegemea kukuta ganda lililoyeyuka. Sikukuta ganda. Nilikuta kitu cheusi, kigumu, kimejikunja nusu duara, kimeungua kingo zote. Nilidhani ni mpira. Nikakitumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, nikakisugua kwa brashi, nikakitoa, nikakinyoosha kidogo juu ya goti.

Ilikuwa ngozi. Ilikuwa na matundu matatu yaliyopangana kwa mstari, mwanya sawa kati ya moja na jingine. Nilikaa nikiitazama. Kisha nikainua macho mpaka kiunoni kwa baba mkwe, kwenye ule mpira wa tyubu wenye fundo.

Mkanda ule niliujua. Mke wangu alimnunulia baba yake mnadani, hapa hapa Makambako, mwaka tuliooana. Alichagua muda mrefu, akipinda kila mmoja kupima ngozi, mpaka muuzaji akamwuliza kama anaoa au anaolewa.

"Ni nini hiyo?" tajiri akauliza.

Nilieleza nikijaribu kuweka sauti mahali pake. Kwamba beringi ikisambaratika porini na huna nyingine, injini haiendi tena. Chuma kinagonga chuma na ukilazimisha konrodi hukatika papo hapo. Kwamba kuna njia moja tu, ambayo madereva wa zamani wa nyanda hizi walirithishana katika miaka ya uhaba: unateremsha sampu, unatoa mabaki ya ganda, unakata mkanda wa ngozi kwa kipimo, unauloweka kwenye oili, unaufunga mahali pa beringi. Unapunguza mzigo wote. Halafu unakwenda polepole kama anayebeba mayai, na ukijaliwa utafika kijiji chenye msaada.

"Polepole," akasema tajiri.

"Ndiyo."

"Na huyu alikwenda polepole?"

Swali hilo halikuhitaji maneno yangu. Nilifungua krenki yote, nikaisafisha, nikaitundika kwa kamba kwenye boriti ya kibanda. Ukiigonga krenki nzima kwa nyundo ndogo, hulia, na mlio hutembea kama ile ringi ya gari inayogongwa kanisani kuita watu. Niligonga upande wa silinda ya kwanza, ikalia kidogo. Niligonga ya nne, ikatoa sauti ya gogo. Shingo yake ya nne ilikuwa ya buluu, buluu inayoingia zambarau, kama kisu kilichosahauliwa motoni. Nikaipaka mafuta ya taa, nikaacha yanywe, nikafuta mpaka ikakauka, nikasugua chaki nyeupe. Tukangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kutoka, na juu ya chaki ukajichora mstari mweusi, mwembamba, kutoka tundu la oili mpaka pembeni.

La kuvunda halina ubani. Krenki ile haichongeki.

Chuma hakiwi buluu kwa mwendo wa mayai. Ili kiungue namna ile, ilibidi dereva akanyage mafuta mpaka mwisho na aendelee kukanyaga. Alisikia ngozi inaungua, maana hunuka. Alisikia mgongano ukirudi na kuzidi. Mtu aliyebisha hodi kwa kila mlima alikuwa ameikimbiza injini ile katika matope na makorongo, umbali ambao mimi, fundi, nisingeamini kama nisingekuwa nimeshika chuma chenyewe. Aliikimbiza mpaka ikapasuka.

"Nijibu wazi," akasema tajiri. "Kama angesimama ilipoanza kugonga, akangoja?"

Nilikuwa fundi na hilo lilikuwa swali la ufundi. Nikamjibu. "Ungebadilisha beringi na kuchonga krenki. Injini ingepona."

"Kwa hiyo aliiua."

Baba mkwe akasema badala yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niliiua, tajiri. Nilijua hivyo tangu nakata mkanda."

Upepo ulikuwa ukipiga mabati. Tajiri alikaa muda akiangalia kile kipande cha ngozi gotini mwangu. Habari za msiba wetu alikuwa nazo, alikuja na yeye kutoa mkono wa pole. Mwishowe akasimama, akanyoosha kiganja, akasema, "Mzee, nipe funguo." Mzee akaingiza mkono mfukoni akazitoa. Tajiri akazipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akaondoka bila kutugeukia.

Watu walimsema vibaya yule tajiri baadaye. Mimi sikumsema. Lori lile ndilo lililokuwa shamba lake na nyumba yake, na hakumshitaki mzee popote. Angeweza.

Tukabaki wawili, na injini imelala katikati yetu. Mkwe hamkumbatii mkwe. Hata kumtazama usoni kwa muda mrefu si adabu. Nilitaka kupiga magoti, nikaishia kuokota spana na kuifuta.

"Kwa nini hukusema, baba?" nikamwuliza. "Miezi yote hii."

"Niseme nini?" Alikuwa akitazama barabara. "Kilichotokea ndani ya gari lile si cha baba kusimulia. Nilikisikia, basi. Nikisema nilitengeneza hiki na hiki, nitakuwa najitetea juu ya mtoto. Mtoto hayupo. Nilisimama, hilo ni kweli. Mtoto alikuwa hai niliposimama."

"Alikuwa hai?"

"Shangazi wa mkeo alisema anacheza tumboni. Nilisikia."

Nililia. Sikuwa nimelia Njombe, wala nyumbani, nikalia pale na tambara lenye oili mkononi, mbele ya mkwe wangu. Yeye akageuka akatazama kwingine, kunistahi.

Nilimwomba twende nyumbani akale. Alikataa, akasema gari la Njombe linakaribia kupita, ataunganisha mpaka kwake Mdandu. Nilikunja uso ule unaojulikana mjini nikamwambia hakuna gari atakalopanda kabla ya kula kwangu. Akafuata. Tulipofika hakuingia ndani. Aliketi nje kwenye gogo la mti wa mwati, kando ya tuta la viazi, na mimi nikaingia.

Mke wangu alikuwa jikoni akimenya viazi. Nikamwekea kile kipande cha ngozi juu ya meza, kwenye karatasi. Sikumweleza kwanza. Alikiangalia, akafuta mikono kwenye kanga, akakishika. Akapitisha kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, la tatu.

"Mkanda wa baba," akasema. "Umeungulia wapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza viroba vilivyoanguka vilikuwa nini, kwamba mzigo ulitupwa ili gari liwe jepesi. Nilimweleza nyundo, sabuni, ngozi. Nilimweleza rangi ya krenki, na maana yake, kwamba baba yake hakuihurumia injini, aliiendesha huku akiisikia inakufa. Alisikiliza bila kunikatiza, ile ngozi ameibana kati ya viganja. Nilipomaliza akaniuliza swali ambalo nilijua litakuja, na ambalo ni mimi tu, kati ya watu wote aliowajua, niliyeweza kulijibu.

"Alikaa muda mrefu sana chini pale. Wewe ungekaa muda gani?"

Nilifikiri. Sikutaka kumpa jibu la kumfariji, maana angelitambua. Niliwaza mvua, tope, jeki kwenye udongo laini. Niliwaza bolti zote zile na spana mbili tatu za dereva, oili ya moto ikimwagikia mikononi, kisu cha mfukoni, kipimo cha macho. Niliwaza na sauti ya binti yangu mwenyewe, kama ningekuwa naye, juu ya kichwa changu. Niliwaza gereji yangu yote, zana zangu zote, taa yangu.

"Nisingemaliza mapema zaidi," nikasema. "Labda ningechelewa. Na angengoja gari jingine, ningewazika wawili, wewe na mtoto."

Aliinamia meza. Mabega yalimtetemeka, lakini sauti haikutoka. Nilikaa karibu naye mpaka viazi vikaanza kuwa vyeusi kwenye sufuria. Kisha akanawa uso, akafunga kanga vizuri, akachota maji ya kunawa kwenye jagi, akatoka nje.

Nilisimama mlangoni. Baba yake alipomwona alinyanyuka kutoka kwenye gogo, haraka, kama mtu aliyekutwa ameketi mahali pasipo pake, mkono mmoja ukishika ule mpira kiunoni. Mke wangu akaweka jagi chini. Akapiga magoti kwenye udongo wa baridi.

"Kamwene, baba," akasema.

Mzee alifungua mdomo ukakosa sauti. Alijaribu tena. Binti yake alikuwa bado amepiga magoti, akingoja, na angengoja mpaka jioni.

"Kamwene," akaitikia. "Kamwene, mwanangu."